Wiki za Mwisho Ujerumani: Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayemaliza Muhula na Kurudi Nyumbani

Februari ile nilipanda treni kwenda uwanja wa ndege wa Frankfurt nikiwa na masanduku mawili, koti zito mkononi, na roho imetulia kabisa. Mitihani imekwisha, chumba nimekabidhi, zawadi zimefungwa. Kilichobaki nyuma ni karatasi moja isiyo na sahihi, na mwenye kuisaini alikuwa ofisi ya mwendo wa dakika saba kwa miguu kutoka hosteli yetu. Nilijiambia nitamwandikia nikifika. Nikaandika. Nikaandika tena. Mara yuko likizo, mara kahamia idara nyingine, mara fomu imebadilishwa. Ilinichukua miezi mitano kuipata sahihi ile, na muda wote huo masomo manne niliyoyatolea jasho kule yakawa nyumbani hayatambuliki.

Tangu hapo kila mdogo wangu anayekwenda kwa muhula mmoja humwambia hivi: ukiwa bado uko kule, mlango unaugonga kwa mkono. Ukishavuka bahari, mlango uleule unaugonga kwa barua pepe, na barua pepe haimsimamishi mtu kwenye kiti. Hatua zote zilizo hapa chini zinafuata jambo hilo. Zimeandikwa kwa anayesoma Ujerumani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kama wa Erasmus+ au wa mkataba kati ya vyuo viwili, lakini hata aliyekwenda kwa fedha zake atakuta mengi yanayomhusu.

Hatua ya kwanza: andika kalenda kuanzia siku ya ndege kurudi nyuma

Fanya hivi wiki sita kabla ya kuondoka, si wiki mbili. Chukua karatasi, andika tarehe ya ndege chini kabisa, kisha panda juu siku baada ya siku.

Kabla ya yote tazama tarehe mbili: siku kibali chako cha ukaazi au viza yako inapokwisha, na siku mkataba wa chumba unapokwisha. Watu hujichanganya hapa. Muhula wa baridi kwenye vyuo vikuu vingi vya Ujerumani kwa kalenda rasmi huanza tarehe 1 Oktoba na kwisha tarehe 31 Machi, lakini mihadhara yenyewe hukoma mapema au katikati ya Februari. Muhula wa kiangazi ni tarehe 1 Aprili hadi 30 Septemba, na mihadhara hukoma Julai. Mwanafunzi huona kitambulisho chake cha chuo kimeandikwa hadi 31 Machi, akadhani ana ruhusa ya kukaa nchini mpaka siku hiyo. Ruhusa ya kukaa inatokana na kibali, na kama kibali kinasema tarehe 10 Machi, basi ni tarehe 10 Machi.

Kwenye kalenda hiyo weka saa za kazi za kila ofisi utakayoihitaji. Ofisi nyingi za kule hupokea watu asubuhi tu, siku nyingine hazipokei kabisa, na Ijumaa mchana huwa zimefungwa. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, kwa hiyo sanduku la pili usilipangie kununuliwa Jumapili. Kama uko Köln, Mainz au Düsseldorf na muhula wako ni wa baridi, kumbuka kanivali: Jumatatu ya kanivali mji mzima uko barabarani na ofisi zimelala.

Hatua ya pili: usibebe deni la masomo kwenye ndege

Mtihani wa kukaa chumbani una siku yake, utaufanya na utakwisha. Hatari iko kwenye ile kazi ndefu ya kuandika nyumbani, Hausarbeit, ambayo vitivo vingi vya sanaa na sayansi za jamii huitumia badala ya mtihani. Kurasa 15 hivi, na mara nyingi huruhusiwa kuikabidhi hadi mwisho rasmi wa muhula. Tarehe hiyo ya mbali inadanganya. Mwanafunzi anasema ataimalizia nyumbani kwa utulivu. Utulivu gani? Ukifika nyumbani kuna wageni wiki nzima, kuna muhula mpya umeshaanza, maktaba ya kule huwezi kuingia, na vitabu ulivyovinukuu hunavyo tena mkononi.

Ikabidhi kabla hujaondoka. Kama haiwezekani, basi angalau fanya kazi yote inayohitaji maktaba: piga picha au skani kurasa unazozihitaji, pakua makala, andika namba za kurasa pamoja na mwaka na mji wa uchapishaji wa kila kitabu. Kisha mwone mwalimu ana kwa ana, umwambie unaondoka lini, na mkubaliane kwa maandishi tarehe na njia ya kukabidhi. Walimu wengine bado wanataka nakala ya karatasi yenye sahihi yako ya kuthibitisha kwamba kazi ni yako mwenyewe. Lijue hilo mapema.

Wakati huohuo pakua kila kitu kilichomo kwenye mfumo wa masomo wa chuo: silabasi, yaani muhtasari wa kila somo, slaidi, maswali ya mazoezi. Silabasi hasa. Mkuu wa idara nyumbani anaweza kukuuliza somo lilihusu nini na lilikuwa na saa ngapi, na akaunti yako ya chuo itafungwa muda si mrefu baada ya usajili kwisha. Hamisha pia barua pepe zako za chuo, na waachie walimu anwani yako ya kudumu.

Hatua ya tatu: sahihi, mihuri na karatasi za chuo

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa mwanafunzi wa Erasmus+ mkataba wa masomo una sehemu tatu: ya kabla ya safari, ya wakati wa masomo na ya baada ya masomo. Sehemu ya kwanza ulisaini kabla hujaondoka nyumbani. Sehemu ya pili ni ya mabadiliko. Kama ulifika ukakuta somo halifundishwi muhula huo, au limegongana na jingine, ukachukua lingine, badiliko hilo lazima liandikwe na lisainiwe na pande tatu: wewe, chuo cha nyumbani na chuo cha kule. Wengi hubadilisha somo wiki ya pili na kusahau karatasi mpaka mwisho. Kwangu mimi hii ndiyo iliyobaki bila sahihi. Masomo niliyoyafanya hayakuwa yale yaliyoandikwa kwenye karatasi, na mpokeaji nyumbani alikuwa na haki kabisa ya kuuliza.

Pita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ukiwa na bahasha yenye vitu hivi: mkataba wa masomo pamoja na mabadiliko yake, fomu ya kuthibitisha kwamba ulikuwepo, na anwani ambako transkripti, yaani hati ya alama zako, itatumwa. Ile fomu ya kuthibitisha ina siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na fedha za ufadhili huhesabiwa kwa siku. Kwa hiyo isisainiwe mapema mno: wakisaini wiki tatu kabla na kuandika tarehe ya siku hiyo, umejipunguzia mwenyewe. Omba isainiwe siku za mwishomwisho, na weka miadi ya siku hiyo tangu sasa. Kila ukipata karatasi, ipige skani palepale, ijitumie kwa barua pepe, na ya asili iweke kwenye faili la mkononi.

Transkripti yenyewe haitakuwa tayari siku unayoondoka. Kwa utaratibu wa Erasmus+ chuo kinatakiwa kuitoa kwa kawaida ndani ya wiki tano baada ya matokeo kutoka. Unachoweza kufanya ukiwa kule ni kuhakikisha kila alama inaingia. Pitia somo moja moja kwenye mfumo, na ukiona pengo nenda kwa mwalimu mwenyewe.

Halafu omba maelezo ya mfumo wa alama yaambatanishwe. Wajerumani huhesabu kutoka 1,0 ambayo ni bora kabisa hadi 4,0 ambayo ni kufaulu kwa kubahatisha, na 5,0 ni kufeli. Sasa chukua transkripti yenye 1,3 uipeleke chuo cha Tanzania ambako GPA, yaani wastani wa alama, ya 5.0 ndiyo kilele na daraja la kwanza huanzia 4.4. Mtu wa masijala asiyejua atakuona umeanguka vibaya, kumbe umeng'ara. Na vivyo hivyo kwa uzito wa masomo: mwaka mzima Ulaya ni ECTS (krediti za Ulaya) 60, kwa hiyo muhula ni 30, ilhali kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mwaka una krediti 120. Somo la ECTS 5 likiandikwa nyumbani kama krediti 5, umenyang'anywa nusu ya kazi yako. Beba maelezo hayo kwa karatasi, yenye nembo ya chuo.

Kabla hujatoka ofisini uliza pia habari ya kufutwa kwenye orodha ya wanafunzi, Exmatrikulation. Barua yake huhitajika na kampuni ya bima ya afya, na ukifanya kazi za muda, na mwajiri.

Hatua ya nne: mwone mwalimu mmoja

Kama unafikiria shahada ya uzamili siku moja, chagua mwalimu mmoja aliyekufahamu kweli na umwendee saa zake za kupokea wanafunzi. Usiombe barua ya mapendekezo kwa juujuu mlangoni. Kaa, mweleze unataka kusoma nini baadaye, mwachie ukurasa mmoja wenye jina lako, picha yako, somo ulilosoma kwake, mada ya kazi uliyoiandika na alama uliyopata. Baada ya miaka miwili atakuwa amefundisha mamia ya watu wengine, na ukurasa ule ndio utakaomkumbusha sura yako.

Hatua ya tano: jiondoe kwenye daftari la mji

Ulipofika ulijiandikisha manispaa. Ukiondoka Ujerumani moja kwa moja lazima ujiondoe, na jambo lenyewe huitwa Abmeldung. Sheria inaruhusu ufanye hivyo kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada ya kuhama. Usingoje hizo wiki mbili za baada. Weka miadi mapema kwa siku iliyo ndani ya wiki ya mwisho, maana miadi ya manispaa hujaa. Miji mingine hupokea fomu kwa posta au mtandaoni. Watakupa hati ya uthibitisho. Toa kopi zake kadhaa, kwa sababu hiyo ndiyo ufunguo wa kufunga mengine yote.

Ya kwanza kufungwa kwa hati hiyo ni ada ya redio na televisheni, Rundfunkbeitrag, euro 18,36 kwa mwezi kwa kila makazi. Haijali kama una televisheni au huna. Kwenye nyumba ya kushirikiana analipa mmoja kwa niaba ya wote, na kama huyo mmoja ni wewe, jiondoe kwa maandishi huku umeambatanisha hati, na wenzako wajue kwamba sasa mwingine aandikishwe. Usipofanya hivyo, deni linaendelea kupanda mezani kwa watu usiowajua, na siku ukiomba viza ya uzamili utatamani ungelimaliza.

Ya pili ni bima ya afya. Ya tatu ni vile vitu vidogo vinavyojikata vyenyewe benki kila mwezi: ukumbi wa mazoezi, laini ya simu ya mkataba, intaneti, tiketi ya treni ya mwezi. Tiketi ya taifa ya usafiri, Deutschlandticket, hujifufua yenyewe kila mwezi na ili isimame mwisho wa mwezi lazima uikatishe kabla ya tarehe 10. Fungua taarifa ya benki ya miezi mitatu, pitisha kidole kwenye kila makato, na kila linalojirudia liandikie barua ya kukatisha. Omba jibu la kuthibitisha.

Kama ulifanya kibarua, omba hati ya mshahara na kodi kwa mwajiri na uitunze pamoja na namba yako ya kodi. Mwanafunzi aliyekatwa kodi mara nyingi hurudishiwa, na ombi linaweza kupelekwa ndani ya miaka minne.

Hatua ya sita: benki, na simu isiyouzwa

Usifunge akaunti kabla dhamana ya chumba haijarudi. Pesa hiyo hurudishwa baada ya wewe kuondoka, na kuipeleka akaunti ya ndani ya Ulaya ni jambo la siku moja, wakati kuipeleka Dar es Salaam au Nairobi ni habari nyingine ya makato na fomu. Kama ulikuja na akaunti maalum ya kufungia pesa kwa ajili ya viza, uliza mapema karatasi gani zinahitajika ili salio lifunguliwe; mara nyingi lazima barua itoke ofisi ya wageni au ubalozini, na barua hiyo pia ni ya kuombwa ukiwa karibu.

Na sasa jambo ambalo karibu kila mtu hulikosa. Rafiki yangu mmoja aliuza simu yake siku mbili kabla ya kuondoka, akapata pesa nzuri, akanunulia wadogo zake viatu. Programu ya benki inayotoa namba za siri ilikuwa imefungwa kwenye simu ile. Alipoiweka kwenye simu mpya akiwa Morogoro, benki ikamtumia barua ya kuifungulia, kwa posta, kwenye chumba alichokwisha kuhama. Dhamana yake iliingia, akawa anaijua ipo, na hawezi kuigusa. Kwa hiyo: simu ile ile, laini ile ile, mpaka akaunti ifungwe. Laini ya malipo ya kabla iwekee salio la kuishikilia hai, badilisha anwani benki iwe ya nyumbani kabla ya kuondoka, na jaribu mwenyewe kuingia ukiwa umezima laini ya kule.

Hatua ya saba: chumba

Kama umepanga kwa mtu binafsi na mkataba hauna tarehe ya mwisho, notisi ya kawaida ni miezi mitatu, kwa hiyo hili lilitakiwa kuanza zamani. Hosteli za wanafunzi wa kubadilishana kwa kawaida huwa na mkataba wenye tarehe. Dhamana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za nyongeza kama za kupasha joto, na kurudi kwake kunategemea sana saa moja ile ya kukabidhi funguo.

Tafuta kwanza karatasi ya makabidhiano uliyosaini ulipoingia. Kama mlango wa kabati ulikuwa umevunjika tangu mwanzo na imeandikwa hivyo, hulipi. Kisha safisha kama Mjerumani anavyosafisha, na hapa nitaeleza kwa undani maana usafi wetu na wao una macho tofauti. Sisi tunaangalia sakafu. Wao wanaangalia chokaa.

Maji ya sehemu nyingi za kule yana madini, na baada ya miezi mitano kichwa cha shawa kinakuwa cheupe na bomba linakuwa na ukoko mgumu kama masizi ya birika la zamani, isipokuwa rangi. Sabuni haigusi. Aliyenifundisha ni dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa amekaa kule miaka mingi. Alikuja jioni ya kuamkia siku yangu ya makabidhiano, akasimama mlangoni na viatu mkononi.

"Mdogo wangu, friji umeizima lini?"

"Nitaizima usiku nikilala, dada."

"Usiku? Barafu yote hiyo itayeyuka kesho mbele ya msimamizi. Zima sasa, tia taulo chini, mlango uache wazi. Na siki iko wapi?"

Alimaanisha siki kali ya dukani, Essigessenz, ambayo ni asilimia 25 na si ya kumimina kwenye kachumbari. Aliichanganya na maji kwenye mfuko imara, akakitumbukiza kichwa cha shawa ndani ya mfuko huo kikiwa pale pale ukutani, akaufunga kwa mpira wa nywele zake. Tulipoufungua baada ya saa mbili, ule ukoko ulikuwa umelegea, ukitoka kwa kidole kama ganda la yai lililochemshwa, na matundu ambayo tangu Oktoba yalikuwa yanarusha maji pembeni yakatoa maji yaliyonyooka. Fungua dirisha unapofanya hivyo, vaa glovu, na kamwe usichanganye siki na dawa ya klorini, maana hutoa hewa yenye sumu.

Baada ya hapo oveni na tundu la kutolea maji bafuni. Nywele zilizokwama humo ni zako, zitoe. Ondoa misumari na gundi ukutani. Balbu zilizoungua badilisha.

Takataka nazo zina sheria. Chupa za plastiki za kutumika mara moja na makopo vina senti 25 kila kimoja ukirudisha kwenye mashine ya duka. Chupa za kawaida za bia senti 8. Betri zina sanduku lake dukani. Vyombo vizima, mto, kikausha nguo, weka ndani ya boksi mbele ya jengo na uandike "Zu verschenken", yaani chukua bure, lakini kwanza uliza kwenye kundi la Waafrika wa mji wako. Kuna mtu anafika mwezi ujao bila hata kijiko. Sufuria yangu ya wali imeshapita kwa wanafunzi watatu.

Siku ya makabidhiano piga picha kila pembe ya chumba, ndani ya friji, ndani ya oveni, na mita za umeme na maji kama zipo. Soma karatasi kabla ya kusaini. Kama imeandikwa kwa Kijerumani usichokielewa, nenda na mtu anayekielewa. Usipokubaliana na jambo, liandike hapo hapo kwamba hukubaliani. Andika IBAN, yaani namba ya akaunti yako ya benki, na anwani ya nyumbani kwa herufi kubwa. Hesabu funguo mbele ya msimamizi, hata ule wa sanduku la barua: ufunguo mmoja ukipotea, kwenye majengo yenye ufunguo mmoja wa milango mingi, gharama yake inaweza kumeza dhamana nzima.

Hatua ya nane: mizigo

Tazama tiketi yako inaruhusu kilo ngapi, na pima nyumbani. Vitabu ndivyo vinavyovunja sanduku. Vipange chini karibu na magurudumu, vizito viwili vitatu beba mgongoni. Chokoleti iweke katikati ya nguo, au ipeleke kwa mkono, maana kutoka baridi ya Februari hadi joto la Dar es Salaam haina ujanja. Betri za kuchajia simu hupanda nawe kwenye kabini, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Asali, mafuta na losheni ni vimiminika, viende chini.

Toa mifuko yote ya plastiki ya maduka. Tanzania imepiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017, na wasafiri wanahusika. Zawadi zifunge kwa nguo au mifuko ya kitambaa.

Koti langu zito nililibeba mpaka nyumbani kwa mapenzi tu. Linaning'inia kabatini hadi leo, na Aprili ile ile binti mmoja kutoka Dodoma alishuka kule na sweta jepesi kukiwa na baridi ya kukata masikio. Liache lako.

Hatua ya tisa: kuaga

Wajerumani hupanga siku zao mapema. Ukimwambia mtu leo "njoo kesho tule", atasikitika kwa dhati kwamba hawezi. Toa mwaliko wiki mbili tatu kabla, taja saa ya kuanza, na chakula kiwe kimeiva kwa saa hiyo, maana watagonga dakika ileile. Pika pilau. Mimi nilipika sufuria mbili, na jirani yangu Mkongo wa Lubumbashi akaleta sombe, yaani kisamvu, tukabishana kwa Kiswahili chake na changu mpaka wenyeji wakaomba tuwatafsirie tunachochekea.

Jirani mzee, mtu wa maktaba, mama wa duka la mkate aliyekurekebishia Kijerumani kila asubuhi: hao pia waage. Kadi iliyoandikwa kwa mkono kule ina thamani kubwa, hata ikiwa na mistari miwili. Kama una vitabu vya Kiswahili ulivyokuja navyo na huvihitaji, waachie wanafunzi wa Kiswahili. Kinafundishwa Leipzig, Bayreuth, Hamburg, Berlin na kwingineko, na kitabu chenye maandishi yako ya kalamu pembeni watakifurahia.

Usiku wa mwisho usilale peke yako kwenye chumba kitupu. Kitanda bila shuka, ukuta bila picha, na kimya cha theluji nje, vinaelemea kuliko unavyotarajia. Omba kulala kwa rafiki.

Siku ya safari

Treni za masafa marefu huchelewa mara kwa mara, kwa hiyo chukua ile iliyotangulia kwa saa mbili, na lenga kufika uwanjani saa tatu kabla ya ndege. Kama tiketi yako nafuu imefungwa kwa treni moja na ikatarajiwa kukufikisha kwa kuchelewa dakika 20 au zaidi, unaruhusiwa kupanda nyingine. Pasipoti, kadi ya ukaazi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na lile faili la karatasi za asili viwe kwenye mkoba wa begani, kamwe si kwenye sanduku.

Ukishafika

Wiki ya kwanza, kabla uchovu haujageuka mazoea, peleka karatasi zako chuoni na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Dodoso la Erasmus+ litakuja kwa barua pepe, lijaze ndani ya siku 30, kwa sababu malipo ya mwisho ya ufadhili yanaweza kulisubiri. Transkripti ikifika, ipeleke mwenyewe pamoja na ule ukurasa wa mfumo wa alama, ukae na anayehusika mpaka aone kwamba 1,3 yako ni nini.

Dhamana ikiingia, hamisha pesa, lakini acha kiasi kidogo kwa wiki nne hivi ili makato yaliyosahaulika yajitokeze. Kisha ndipo uandike barua ya kufunga akaunti, na baada ya benki kuthibitisha, simu yako unaweza kuiuza.